Choo cha Jirani Kinavujia Bafuni Kwangu: Nani Amlipe Fundi?

SWALI: Ninapanga chumba na sebule Kayole, Nairobi, kodi shilingi 12,000. Tangu mwezi uliopita maji ya choo cha ghorofa ya juu yanapenya kwenye slabu na kunidondokea bafuni, karibu kabisa na taa. Mwenye nyumba hataki kugharamia, na keateka (mwangalizi wa jengo) ananiambia nijitengenezee. Naweza kukata hela hiyo kwenye kodi?
Mpangaji, Kayole

JIBU: Kwanza taa. Zima saketi breka yake (swichi ya usalama kwenye kisanduku cha stima) leo na usiiguse swichi hiyo tena hadi pakauke na fundi wa stima aikague. Maji yakishaingia kwenye holda, na wewe umesimama bafuni na miguu mibichi, ni hatari ya kufa.

Kisha jua maji yanatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo wengi hushindwa mabishano. Mwombe jirani afunge koki kuu ya nyumba yake na asitumie maji kwa saa mbili au tatu. Matone yakipungua, bado hujapata jibu, maana hata majitaka hukatika mtu asipotumia maji. Endelea na jaribio la pili: koki ifunguliwe, atie kijiko cha rangi nyekundu ya chakula kwenye bakuli la choo na kuflashi mara tatu. Wewe kinga ndoo nyeupe chini. Usikate tamaa mapema. Slabu hushika maji, na rangi huweza kuchukua saa kadhaa kushuka. Ikitokea, kasoro iko kwenye maungio ya choo na paipu ya majitaka. Isipotokea, na matone huongezeka mtu akioga, shuku trapu ya sakafu ya bafu, yaani kiungo kinachopokea maji ya kuoga. Kama yanadondoka usiku kucha hata watu wakiwa wamelala, shuku paipu ya maji safi.

Choo hicho si chako, na slabu si yako. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 65, inamtaka mwenye jengo lililopangishwa kwa sehemu atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, na nyumba ya kuishi ibaki inafaa kukaliwa na binadamu. Wajibu huo upo hata kama mkataba wenu umenyamaza, au mlipatana kwa mdomo tu.

Lakini kodi usiikate kabla hajakubali kwa maandishi. Ukiwa na deni la kodi, anaweza kutuma dalali mwenye leseni kukamata vyombo vyako, na choo kinachovuja hakitamzuia mlangoni. Mwandikie mwenye nyumba mwenyewe, si keateka peke yake: "Choo cha B7 kinavujia bafuni kwangu tangu tarehe 3. Naomba kirekebishwe ndani ya siku 7. Ikishindikana, naomba idhini nilete fundi kwa shilingi 4,800, vifaa 3,000 na ufundi 1,800, nikate kwenye kodi ijayo." Ambatisha picha. Akijibu "sawa", una ushahidi. Akikubali kwa simu, mtumie ujumbe wa kuthibitisha mlichoongea. Jumbe hizo usizifute, na risiti za vifaa uzitunze.

Akinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti katika eneo lako. Kwa majitaka yanayovuja, hii ndiyo njia tunayoiamini zaidi: ni kero chini ya Sheria ya Afya ya Umma, na mwenye jengo anaweza kupewa notisi ya kuiondoa. Baraza la kodi za nyumba halitakufaa, kwani sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa kodi yako, kesi huenda mahakamani.

SWALI: Nimehama Umoja baada ya miaka minne. Depositi yangu imekatwa shilingi 6,000 za rangi. Ni haki?

JIBU: Soma mkataba kwanza, mingi ya Nairobi ina kifungu cha kupaka rangi upya unapohama. Kama hakipo, kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo hakikulazimishi kurekebisha uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia ni uchakavu. Ukuta uliotobolewa misumari ya runinga sio. Mdai mwenye nyumba kwa maandishi orodha ya kila kasoro na bei yake.