Fundi Ajibu: Skupu ya boneti yaongeza nguvu kweli?

SWALI: Asalam aleikum fundi. Mimi ni wa Kisauni, nina Impreza ya siisii 1500, haina tabo (ile feni ya kuisukumia injini hewa). Kuna jamaa wa vipuri ataka kuniuzia seti ya ram eya, yaani skupu yakaa juu ya boneti halafu bomba laenda hadi kwa eya klina, ati gari ikikimbia upepo wajisukuma wenyewe ndani ya injini na napata nguvu za farasi 15 za bure. Boneti ishapigwa alama pa kukata. Nikubali ama niache? – Kijana wa Kisauni

JIBU: Waleikum salam kijana wangu. Mwambie fundi aweke grainda chini kwanza tuongee.

Ram eya yenyewe si uongo. Upepo ukigonga mdomo wa bomba ukakosa pa kwenda, presha hapo yapanda, hiyo ni fizikia ya shule na hakuna wa kubisha. Kinachobishaniwa ni yapanda kiasi gani. Sasa tupige hesabu: ukiwa 100 kwa saa, hata tuseme hakuna kinachopotea kwa kona za bomba wala kwa filta (na chapotea), presha unayoongeza haifiki hata nusu ya asilimia moja ya presha ya hewa ya kawaida. Injini yako ni farasi mia na kitu, kwa hivyo umepata nusu farasi. Nusu! Zile zingine kumi na nne na nusu muulize anayekuuzia. Mjini sheria ni 50 na hapo presha yaongezeka kama sehemu moja kwa elfu hivi, manake spidi ikipungua nusu presha hii yabaki robo. Kinyume chake pia ni kweli, ukifika 200 wapata karibu asilimia 2, lakini niambie 200 utaenda wapi, juu ya daraja la Nyali ama kwa foleni ya Changamwe na malori yote yale?

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, hiyo nusu farasi ni ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini. Siku nyingi barabarani mguu uko robo, pengine nusu, na wakati huo ile throto, yaani mlango wa hewa wa injini, ndo imeziba njia ya hewa makusudi kwa sababu wewe mwenyewe hutaki nguvu zaidi. Kuongeza upepo hapo ni sawa na kupepea mlango uliofungwa.

Ndo maana utaikuta ram eya kwa vitu vinavyokwenda mbio za kweli. Gari za Formula 1 zina tundu juu ya kichwa cha dereva, na Kawasaki walitoa ZX-11 mwaka 1990 ikiwa na ram eya kutoka kiwandani, lakini hiyo ni pikipiki inayopita 270 kwa saa, huko asilimia zaanza kuonekana. Pontiac nao kule Marekani waliuza magari yalioandikwa Ram Air tangu miaka ya 60, na vijana wakiona picha wadhani nguvu yote yatoka kwa matundu ya boneti, kumbe mengi yao yalibadilishwa hadi vyuma vya injini yenyewe, silinda hedi na kamshafti.

Sasa, wako watu wataapa wameweka skupu na gari imebadilika. Siwaiti waongo. Walichopata ni hewa ya baridi, hawakupata msukumo. Hewa ikipata moto yawa nyepesi, kila digrii 10 ikipanda wapoteza kama asilimia 3 ya hewa inayoingia. Mombasa mwezi wa pili na wa tatu nje ni digrii 32, ndani ya boneti ukikwama foleni yaweza kufika 60, na injini ikivuta hiyo ya 60 badala ya hiyo ya nje imepoteza kama asilimia 8. Hapo ndo pana farasi za kutafuta bwana, na wala hukati boneti! Fungua uangalie, gari yako ilitoka kiwandani na bomba la plastiki linalovuta hewa kutoka mbele kabisa. Hizi gari zetu zilizotumika Japani nyingi bomba hilo lishavunjika, ama fundi alilitoa siku ya sevisi akaona haina haja kulirudisha. Rudisha. Kama una kale kadude ka kuchomeka kwa soketi ya kuskani, soma joto la hewa inayoingia injini ukiwa mwendo: likikaa karibu na la nje, skupu haina cha kukuongezea.

Na kama waona hii hewa ni hadithi tu, fikiria Nairobi. Iko karibu mita 1,800 juu, presha ya hewa kule ni pungufu karibu moja ya tano kuliko huku kwetu baharini, kwa hivyo injini isiyo na tabo ikishuka tu hadi Mariakani ishapata kitu ambacho skupu haitakupa maisha yako yote. Wewe washaishi kwenye hiyo bonasi bure.

La mwisho ni maji. Tundu lililoelekea mbele bila njia ya kumwaga maji, mvua za Aprili na Mei zikija litayanywa, na yale mabomba ya kuvuta hewa yanayoshuka hadi chini ya bampa ndo hatari zaidi barabara ikifurika. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwa silinda, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, yapinda na hapo watafuta injini nyingine.

SWALI: Fundi, nina Forester ya tabo yenye tundu kwa boneti. Mume wangu asema hiyo ndo ram eya, mimi nakataa. Tumewekeana biriani. – Mama wa Likoni

JIBU: Biriani ni yako mama. Tundu hilo laupuliza upepo juu ya intakula, ile kama rejeta ndogo iliyolala juu ya injini, kupoza hewa iliyopata moto ikibanwa na tabo. Upepo huo wapita kwenye mapezi yake washuka chini, hauingii kwa silinda. Hewa ya injini ina njia yake ya mbele kupitia filta. Usizibe tundu kwa stika, na utoe majani yaliyokwama.

SWALI: Filta ya koni yapunguza mafuta? Yangu yanguruma vizuri sana. – Msomaji wa Bamburi

JIBU: Haipunguzi. Hewa ikizidi kompyuta yaongeza petroli ilingane nayo. Na ikikaa wazi ndani ya boneti yavuta ile hewa ya moto niliyosema juu, kwa hivyo umelipia mngurumo. Kama waupenda basi iweke ndani ya boksi lenye bomba la kutoka nje, na ukiipaka oili usizidishe, ile oili yaruka hadi kwa sensa ya hewa na injini yaanza kukatakata.