Boti ya baharini ukiipeleka ziwani, anza na propela

Wadau wa boti hapa Dar, hii naiandika kwa ajili yenu kabisa, hasa nyie ambao boti zenu zimekulia Kigamboni, Msasani na Kunduchi alafu siku inatokea kazi Mwanza au Kigoma, unaipakia kwenye lori unaondoka nayo. Mi yalinikuta mwaka jana, yakanila karibu wiki nzima na hela ya mafuta ambayo sikuipangia, na chanzo chenyewe ni kipande cha aluminiamu chenye mapanga matatu, yaani propela.

Boti yangu ni ya faiba, futi 21, mashine fo-stroki ya HP 60 ya nozo, yaani mafuta yanapuliziwa kwa nozo, haina kabureta. Hapa Dar bahari ikiwa shwari, watu tisa na mizigo yao, ukifungua gesi yote inanyanyuka juu ya maji muda huohuo na mita inasoma raundi 5,500 kwa dakika. Kitabu cha mashine kinasema gesi ikiwa yote raundi ziwe kati ya 5,000 na 6,000, kwa hiyo nilikuwa katikati kabisa. Nikapata kazi ya kupeleka wafanyakazi kwenye vizimba vya samaki Ziwa Victoria, boti ikasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, ikashushwa majini Mwanza, wakapanda watu tisa, tenki limejaa. Nafungua gesi yote, omo (mbele) imesimama juu, tezi (nyuma) imezama, boti inakokota maji kama jahazi lililojaza mchanga, na mita imeganda 4,600.

Hapo ndo nikaanza kutafuta mchawi. Nikadhani mafuta yamechakachuliwa, nikayatoa yote nikaenda kununua kituo kingine, hakuna kitu. Nikabadilisha filta, nikabadilisha plagi zote nne, hakuna kitu. Fundi mmoja akapima kompresheni, silinda zote ziko sawa, akaniambia labda boti imekunywa maji kwenye sakafu, tukaikagua, iko kavu. Siku ya tano ndo nikapelekwa kwa mzee mmoja maeneo ya Kirumba ambaye ameshika mashine za boti maisha yake yote.

Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba kijana wangu, alafu swali la kwanza akauliza boti imetoka wapi. Nikasema Dar. Propela ni ileile ya Dar? Ndiyo mzee. Akainama, akafuta uchafu kwenye kitovu cha propela kwa kidole, akasoma namba, akasema, "Umepanda mlima na gia ya tambarare."

Nilimwelewa papo hapo kwa sababu nilikuja na lori lililobeba boti, nimekaa mbele na dereva, na tulipofika kwenye mlima mmoja njiani niliona anavyoshusha gia moja baada ya nyingine mpaka lori linatambaa lakini injini inaunguruma vizuri. Boti haina hiyo nafasi. Boti ina gia moja tu ya kwenda mbele, na ukubwa wa hiyo gia unaamuliwa na propela uliyofunga.

Sasa mlima uko wapi wakati ziwa ni bapa? Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hata kama ukiwa umesimama pale ufukweni huoni dalili yoyote ya mlima. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar, na mashine inakula hewa kuliko inavyokula petroli, kila mvuto inaoingiza unakuwa na oksijeni pungufu. Hesabu wanayotumia mafundi ni kwamba mashine ya kawaida isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, yaani kila mita 300 na kitu. Kwa Victoria hiyo ni kama asilimia 11. Kwa hiyo HP 60 yangu ilipofika Mwanza ikawa HP 53, na mimi bado nimeitwika mzigo wa HP 60. Mashine ya nozo ina kompyuta inayopunguza mafuta ili yaendane na hewa iliyopo, kwa hiyo haitoi moshi na huwezi kujua kitu kwa macho, lakini nguvu iliyopotea hairudi.

Wengi huwa wananiambia tatizo ni maji baridi, eti maji ya ziwa hayana chumvi. Kweli maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2 na nusu hivi, kwa hiyo ziwani boti inazama kidogo zaidi, ila hiyo ni ndogo sana. Kinachokumaliza ni hewa.

Turudi kwenye namba aliyosoma mzee. Propela nyingi zimepigwa namba mbili kwenye kitovu, ya kwanza ni kipenyo na ya pili ni pichi, zote kwa inchi. Yangu ilikuwa 11 1/8 x 13. Pichi 13 maana yake propela ikizunguka mara moja ingesogea inchi 13, kama sentimita 33, kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu mfano skrubu kwenye mbao, kwenye maji inateleza kwa hiyo inasogea pungufu. Pichi kubwa ni gia kubwa, mwendo mwingi lakini inataka nguvu. Pichi ndogo ni gia ndogo, inanyanyua mzigo. Ukishusha pichi inchi moja raundi zinapanda kati ya 150 na 200 hivi. Mzee akanifungia 11 5/8 x 11, unaona kipenyo kimeongezeka kidogo huku pichi imeshuka, tukarudi majini na watu walewale na mizigo ileile, boti ikanyanyuka, mita ikapanda mpaka ndani ya kiwango cha kitabu. Kiukweli nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza, nilimshika mkono yule mzee sikutaka kuuachia.

Mwendo wa mwisho ulipungua kidogo ukilinganisha na Dar, hilo kubali tu, huwezi kurudishiwa HP 7 na propela. Unachopata ni mashine kufanya kazi kwenye raundi zake. Na hapa nasisitiza kwa sababu nimeona watu wanaendesha miaka na propela kubwa wakisema "si inaenda tu". Mashine ikibanwa chini ya raundi zake huku gesi iko yote inaumia ndani, inapata joto, inajaza kaboni, pistoni zinachoka, na mafuta inakunywa ovyo maana boti hainyanyuki inasukuma ukuta wa maji.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Pakia mzigo wako halisi, sio we peke yako na msaidizi, pakia watu na tenki lijae, nenda sehemu ya maji tulivu na wazi, fungua gesi yote, rekebisha pembe ya mashine mpaka boti ikae vizuri, soma raundi, alafu geuka urudi upande wa pili ili upepo usikudanganye. Linganisha na kitabu cha mashine. Lenga uwe nusu ya juu ya kiwango chao ukiwa na mzigo. Kama mashine yako ndogo haina mita, kuna takometa ndogo unazungushia waya wake kwenye waya wa plagi inakusomea, inunue, ina faida kuliko kukisia kwa sikio.

Maziwa hayafanani lakini. Nyasa iko mita 475 hivi, unapoteza kama asilimia 5, pengine inchi moja inatosha au hata usibadilishe kama hubebi mzigo mkubwa. Tanganyika ni mita 773, karibu asilimia 8, hapo inchi moja. Victoria mi nilishusha mbili. Wanaokwenda Naivasha kule Kenya, mita 1,884, wanaanza na upungufu wa asilimia 18 hivi, na huko Titicaca mpakani mwa Peru na Bolivia, zaidi ya mita 3,800, zaidi ya theluthi ya nguvu imeshaondoka kabla hujapakia mtu.

Wenye tu-stroki za kabureta mna kazi ya ziada. Kabureta haijui kama hewa imepungua, inamwaga petroli kama ilivyozoea Dar, ndo unaona moshi mweusi, plagi zinalowa na kuwa nyeusi. Mwambie fundi abadilishe jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, aweke ndogo, lakini ukirudi baharini LAZIMA urudishe ile kubwa, la sivyo mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inaungua.

Propela ya stenlesi au aluminiamu? Kwa Mwanza mi nasema aluminiamu bila kusita. Mawe unayoyaona juu ya maji yana wenzake chini, ukigonga na aluminiamu panga linapinda unabadilisha propela, ukigonga na stenlesi yenyewe haikubali kupinda, kipigo kinaenda kwenye shafti na gia. Kingine, usikubali propela kukatwa ncha au kupigwa nyundo ili "iwe ndogo". Ikipoteza balansi inatetema mpaka inaua sili na beringi. Na kila wiki vua propela uangalie nyuma yake, magugumaji utayaona lakini uzi wa nyavu hauonekani, unajizungusha kwenye shafti ukakata sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, simamisha kazi siku hiyohiyo.

Ile 13 yangu sikuiuza, nimeifunga kwenye gunia iko chini ya kiti. Boti ikirudi Kigamboni naifunga tena, maana ukibaki na 11 huku chini na boti ikiwa tupu, raundi zinapita 6,000.