Jibu: Iginla alidhulumiwa tuzo ya 2002?
Habari mkuu. Umeuliza inakuwaje kwenye NHL, ile ligi ya hoki ya barafuni, Jarome Iginla wa Calgary afunge magoli 52, aongoze ligi nzima kwa pointi 96 (magoli ukijumlisha na pasi za magoli), halafu tuzo ya mchezaji bora 2002 abebe kipa, José Theodore wa Montreal. Hii tumebishana sana na washkaji hapa Mwanjelwa, baridi ya Juni, kila mtu kakumbatia kikombe chake cha tangawizi.

Cha kwanza cheki tuzo yenyewe, Hart Trophy sio ya mfungaji bora, ni ya mwenye thamani zaidi kwa timu yake, sasa Calgary hata mtoano hawakuingia, Montreal wakaingia wakiwa wamembebesha kipa zigo lote. Waandishi wakapiga kura, Iginla na Theodore wakalingana pointi za kura 434 kwa 434, Theodore akapita sababu waliomweka namba moja walikuwa wengi, 26 kwa 23. Wachezaji wenyewe, kwenye tuzo yao, walimpa Iginla.

Mi ningempa Iginla (baba yake Mnigeria, sikatai na hilo linanivuta). Timu mbovu vile, ukimtoa yeye inabaki nini? Ila kipa anayedaka mashuti 93 kwenye kila 100, nae huwezi sema kabebwa.