Umeingia Ngoma Haijakuita

Mwezi huu mabinti watatu wameniuliza swali lilelile: dada, nikitaka kujifunza kubreki, ile dansi ya hip hop ya kushuka sakafuni, naanzia wapi? Na kila mmoja kaambatanisha video ya mtu anayezunguka kwa kichwa. Najua wanachokitaka. Na mimi nilikitaka hichohicho, kikanigharimu mkono.

Mimi ni mtoto wa Mbagala. Hip hop niliikuta disko toto, siku ya Idi, nikiwa na miaka tisa. Kaka mmoja mwenye fulana kubwa kuliko yeye alishuka sakafuni katikati ya wimbo, miguu ikaanza kukimbia huku mikono ndiyo imemsimamisha. Watoto tukapiga duara. Nilipofika nyumbani nikajaribu barazani, gauni jipya la Idi likachanika upindo wote, nikachapwa. Kesho yake nikajaribu tena, safari hii na gauni la zamani.

Nilipopata simu nikajifundisha mwenyewe. Nikaruka yote ya mwanzo, nikaenda moja kwa moja kwenye windimili, ule mzunguko wa mgongo na mabega huku miguu iko hewani, tena juu ya sementi. Kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Mama alinikanda kwa maji ya moto huku akiuliza kama huo ni muziki au nimegongwa na bodaboda. Wiki sita sikuweza kubeba hata ndoo ya maji. Wadogo zangu hawajanisamehe mpaka leo.

Lakini mkono haukunifundisha kitu. Kilichonifundisha ni pambano langu la kwanza la kucheza, nikiwa na miaka kumi na saba.

Nilipangwa na kijana mmoja mwembamba, kimya, raba zake zimelika soli. DJ akaachia wimbo na mimi huyoo, katikati! Mwimbaji yuko ubeti wa kwanza, mimi nimeshazunguka mgongo mara nne, nimesimama kwa kichwa, nimemwaga kila nilichokuwa nacho. Watu wakashangilia. Kisha sauti ikakatika, gitaa likakatika, zikabaki ngoma tupu. Na hapo ndipo mimi nimeinama, nimeshika magoti, natafuta pumzi.

Yeye muda wote alikuwa pembeni anatikisa kichwa taratibu. Ngoma zilipobaki peke yake ndipo akaingia. Hakuzunguka hata mara moja. Alikanyaga tu, na kila mguu ulitua pale ngoma inapolia. Akashuka, akazungusha miguu zile hatua sita ambazo mimi niliziona za watoto, akaja kuganda juu ya kiwiko kimoja kwenye pigo la mwisho kabisa. Waamuzi watatu, mikono mitatu, yote upande wake.

Kile kipande cha ngoma tupu ndicho kinachoitwa breki, na jina la kubreki limetoka hapo. Halikutoka kwenye kuvunja viungo, kama mjomba wangu anavyoamini. Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa wakazi wa jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe ili apate hela ya nguo za kufungulia shule. Kiingilio senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana. Disko toto kabisa! Muziki alipiga kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye dunia inamjua kama DJ Kool Herc. Herc aliona kwamba wachezaji wanaisubiri breki, na ikifika haimalizi hata dakika. Akawa anatumia santuri mbili za wimbo uleule: breki ikiisha kwenye ya kwanza anaingiza ya pili, huku akiirudisha ile nyingine mwanzo wa kipande. Wale waliokuwa wanasubiri hapo ndio b-boy na b-girl, yaani wacheza breki wa kiume na wa kike. Kwa hiyo akija mtu kukuambia hip hop ni ya wanaume, muulize nani alikodi ukumbi.

(Breki inayopendwa mpaka leo iko kwenye "Apache" ya Incredible Bongo Band, ya 1973. Bongo ya hapo ni zile ngoma ndogo pacha. Nimeshabishana na watu kituo cha daladala kwamba ni bendi ya Dar. Naomba radhi.)

Bibi yangu ni Mzaramo wa Kisarawe, mdundiko kaucheza tangu hajaolewa. Nilipomwonyesha video ya kushindwa kwangu hakuuliza hip hop ni kitu gani. Aliitazama, akataka irudiwe, akasema: "Mjukuu wangu, umeingia ngoma haijakuita. Mwenzio kamsikiliza mpigaji."

Basi mdogo wangu, wiki mbili za kwanza usishuke chini. Tafuta nyimbo za James Brown, yule mwimbaji wa Marekani, kaa juu ya ndoo, sikiliza. Hesabu mpaka nane, urudie. Piga kofi breki inapoanza. Ukifika mahali unapiga kofi pamoja nayo bila kubahatisha, simama ucheze kwa miguu tu, uzito kulia, uzito kushoto. Utachoka na utajiona mshamba. Ukitaka kujipima, fanya zoezi hilohilo na singeli. Kasi yake haina huruma.

Siku ya kushuka chini tafuta katoni la friji, lipasue, litandike. Sementi yenye mchanga inachuna ngozi. Pasha moto vifundo vya mikono na mabega kwanza. Nyama zikiuma kesho yake ni kawaida, kiungo kikiuma acha siku hiyohiyo.

Na mama? Wangu aliita uhuni. Sikubishana naye, nilimwalika aje aone mazoezi. Alikaa nusu saa, akatoa masharti mawili: nivae treksuti ndefu, na niwe nyumbani kabla ya magharibi. Nimeyashika. Kuna wenzangu waliobishana, wakaishia kuaga kwamba wanakwenda tuisheni, na uongo huo ulipofichuka hata tuisheni yenyewe ikapigwa marufuku.

Mwaka 2024 kubreki kuliingia Olimpiki ya Paris, na mtaani kwetu waliongelea tu Raygun, yule Mwaustralia aliyechekwa kwa uchezaji wake. Sawa, tumecheka. Lakini tafuta video za Ami wa Japani, aliyechukua dhahabu ya wanawake. Pale mchezaji hachagui wimbo wala haambiwi mapema. DJ anaweka anachotaka. Tazama miguu ya Ami wimbo unapoanza, uone mtu anayesikiliza.

Yule kijana aliyenishinda siku hizi tunafanya mazoezi pamoja, Jumanne na Alhamisi. Yeye analeta sabufa, mimi naleta katoni. Juzi aliingia mapema, ubeti haujafika hata nusu. Nikanyamaza, nikatikisa kichwa taratibu, nikamwacha amalize.