Angalia alipojikosoa

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Mwaka wa shule ukiisha, unajuaje kama mtoto amekua?" Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule ya msingi ya kijijini, Wilaya ya Chamwino, hapa Dodoma, na swali limenikuta nimezungukwa na ripoti 74 za kujaza. Jibu langu ni fupi, ila maelezo yake si mafupi: naangalia kama mtoto ameanza kuyaona makosa yake kabla sijayaona mimi.

Kila Januari, wiki ya kwanza, nawapa watoto karatasi moja moja waniandikie chochote wanachoweza. Kuna anayeandika jina tu. Kuna anayeandika herufi tatu, mbili zimegeuka nyuma. Kuna anayechora ng'ombe, na ng'ombe wake ana nundu na pembe kama inavyotakiwa. Nazihifadhi kwenye boksi lililoisha chaki. Mwisho wa Novemba wanaandika tena, na jioni nakaa nyumbani na karatasi mbili za kila mtoto, ya Januari kushoto, ya Novemba kulia.

Karatasi ya Januari utaijua kwa matundu. Mtoto asiye na kifutio analowesha kidole kwa mate, anasugua, karatasi inatoboka. Na mara nyingi hasugui kwa sababu ameona kosa. Anasugua kwa sababu nimepita karibu na dawati lake nikasimama. Akiona kivuli cha mwalimu tu anafuta, hata kama alichoandika kilikuwa sahihi.

Sasa nisimulie cha Novemba hii. Kuna kijana mmoja anakaa upande wa dirishani. Nyumbani kwao wanaongea Chigogo, kama nyumba nyingi za hapa, na watoto wangu wengi wanapoanza shule, masikioni mwao l na r ni kitu kimoja. Aliandika: "Mimi na malafiki zangu tunachunga mbuzi." Nilikuwa nyuma yake, hakujua. Akaanza kuisoma sentensi yake kwa sauti ya chini, kidole kinakwenda na neno. Alipofika "mala" akasita. Akarudia. Akachora mstari mmoja tu juu ya neno, akaandika pembeni "marafiki". Hakusugua. Hakugeuka kunitafuta. Akaendelea na mbuzi wake.

Nilitoka nje nikasimama kidogo chini ya mwarobaini. Kazi yangu ya miezi kumi na moja na huyu mtoto ilikuwa kwenye ule mstari.

Ripoti yake inasema wastani 48, nafasi ya 61 kati ya 74. Ni kweli tupu, nimezijumlisha alama mwenyewe. Lakini mzazi akiisoma ripoti hiyo atajua mtoto wake amezidiwa na watoto 60, basi. Hatajua kwamba Januari hakuweza kuunganisha m na a.

Kipimo changu hiki nilikipata kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mtoto mwenye kumbukumbu ya ajabu. Nikimsimamisha kusoma habari kitabuni alikuwa anaitoa yote bila kukwama, kwa sauti nzuri, nami nikamwandikia kwenye ripoti "anasoma vizuri sana". Februari iliyofuata mwalimu wa Darasa la Tatu akaniita, akamfungulia ukurasa asiouzoea, na mtoto akanyamaza. Hakuwa anasoma. Alikuwa amekariri kwa kusikia wenzake, na macho yake muda wote yalikuwa juu kwenye bati. Bado linaniuma, maana yule mtoto alipita mikononi mwangu mwaka mzima huku nikimsifu. Tangu hapo simwanzishi mtoto mwanzo wa habari. Namwanzisha katikati, au nafunika neno kwa kiganja na kuliachia silabi kwa silabi, na natazama kidole na mdomo kama vinakwenda pamoja. Aliyekariri hawezi kujikosoa. Hana anachokisoma cha kulinganisha na anachokisema. Anayesoma kweli atakosea, atasita, atarudi nyuma. Ule msito ndio ninaoutafuta.

Sina ugomvi na namba. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wamekuja, na hilo ni jambo jema kabisa. Darasa likijaa hivi, wastani na nafasi ndivyo vinavyowezekana kujazwa haraka kabla shule hazijafungwa mapema Desemba. Ila mimi nimejiongezea mstari mmoja, naandika kwa mkono pembeni: jambo ambalo mtoto huyu hakuliweza Januari na sasa analiweza. Inanichukua jioni tatu. Mwingine nimemwandikia: "Alikuwa akijumlisha 9 na 4 anahesabu vidole vyote kuanzia kimoja, sasa anaanza na 9 kichwani, anaongeza nne." Mwingine: "Alikuwa akishindwa analia. Sasa anasema, mwalimu hapa sijaelewa." Huyo wa mwisho alikuwa wa 70, na sioni aibu kusema kwamba kwake nimefurahi kuliko kwa wa kwanza, ambaye alikuja Januari akiwa anasoma tayari na dada yake wa sekondari ndiye aliyemfundisha.

Siku ya kufunga, bibi yake yule kijana wa dirishani ndiye aliyekuja kuchukua ripoti. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaongeza "mbukwenyi", salamu ya Chigogo, kwa walimu wote waliokuwepo, halafu akauliza swali ambalo wote huuliza: "Amekuwa wa ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza. Akamtazama mjukuu, na mjukuu akatazama miguu yake.

Nikatoa zile karatasi mbili. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye tundu la Januari, kisha kwenye ule mstari wa Novemba, nikamweleza kilichotokea.

"Kwa hiyo hapa hakuna aliyemwambia?"

"Hakuna, bibi. Amejisikia mwenyewe."

Akamwamuru asome. Kijana akasoma sentensi yote, na kwenye "marafiki" akaivuta ile r kama anaendesha pikipiki. Bibi akaikunja karatasi mara nne, akafungua pindo la khanga palipokuwa na noti zake, akaifunga humo humo pamoja na fedha.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nitakuwa sijajibu swali lenu kwa ukweli. Kwenye boksi langu kuna binti ambaye karatasi zake mbili zinafanana. Nimezitazama zaidi ya mara moja nikitafuta tofauti. Ninayoiona ni kwamba herufi zimekuwa ndogo zaidi, na hilo si kubwa.

Kitabu cha mahudhurio kinaonyesha hakuja siku 41. Nyingi ni za kuanzia Machi, mashuke ya uwele na mtama yanapoanza kujaa na kwelea kwelea wanashuka shambani kama wingu. Lazima mtu aamie ndege, yaani awafukuze, kutwa, alfajiri hadi jioni, la sivyo nyumba haina chakula mwaka huo, na kwetu mvua ni msimu mmoja tu, huwezi kusema utapanda tena. Mama yake alikuwa na kichanga. Akaamia binti. Siwezi kumlaumu mama. Najilaumu mimi kwamba nilifika kwao Agosti, wakati jina lake lilikuwa limeshajaa alama za kutokuwepo tangu Aprili. Ningekwenda mapema tungepanga hata aje siku mbili kwa wiki, au jirani yake wa dawati ampelekee kazi.

Na muda wake ni mfupi kuliko tuliokuwa nao sisi. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, kizazi chake kitamaliza elimu ya msingi Darasa la Sita, si la Saba. Akiingia Darasa la Tatu hajui kusoma, masomo mengine yote yatampita akiwa amekaa humo humo darasani.

Kwa hiyo ripoti yake sikuijaza kama za wenzake. Nafasi na wastani vipo, lakini nimembandikia pia kikaratasi kwa ajili ya mwalimu atakayempokea Januari. Nimeandika hivi: "Silabi za a na e anazijua zote. Za o na u bado zinamchanganya, hasa akiandika. Haoni vizuri akiwa nyuma, mkalishe karibu na ubao. Usimuulize wa kwanza, ataogopa. Muulize wa tatu au wa nne, atajibu. Mwezi wa tatu akikosa siku mbili mfululizo, nitumie ujumbe, kwao napajua, nitakwenda mimi."