Wanajumuiya wakisahau somo: anzeni Biblia zikiwa zimefungwa

Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza kwa nini wanajumuiya wako wanaitikia "amina" Alhamisi jioni, halafu Alhamisi inayofuata hakuna anayekumbuka hata sura mliyosoma. Usiwahesabie uvivu. Kichwa hushika kile kilichotafutwa kwa jasho kuliko kilichosikilizwa tu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu, alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea ndani ya siku moja, na marudio yenye nafasi katikati ndiyo yaliyosaidia.

Kwa hiyo dakika 10 za mwanzo, Biblia na madaftari vifungwe. Uliza maswali matatu: la wiki iliyopita, la wiki tatu nyuma, la miezi miwili nyuma. Watu waambiane kwanza wawili wawili, kama dakika 2, ndipo mmoja aseme mbele ya wote. Hatua hii usiiruke, maana mama mtu mzima akiulizwa ghafla akakwama, wiki ijayo haji. Ukishauliza, nyamaza sekunde 10 nzima. Viongozi wengi hujijibu upesi, na kazi ya kukumbuka wanaifanya wao badala ya wanajumuiya. Kisha fungueni Biblia mhakiki, kwa sababu kosa lisiposahihishwa hapo hapo ndilo litakalokaririwa.

Swali liwe na pa kushika. "Tulijifunza nini?" huzaa "tulijifunza upendo" tu. Kwa Luka 15 uliza: nani walinung'unika mpaka Yesu akatoa mifano ile? Kilichopotea ni kimoja kati ya vingapi? Kondoo 100, sarafu 10, wana 2. Aliyeshika hesabu hiyo anaweza kusimulia sura nzima ndani ya daladala la Mbagala.

Mstari wa kukariri uwe wa tafsiri moja. Mmoja akisoma Union Version na mwingine Habari Njema, maneno yanagongana na wote wanababaika. Sura na aya zitajwe kabla na baada ya mstari.

Kwenye grupu la WhatsApp usitume muhtasari. Mtu akiusoma anaona anajua, kumbe anautambua tu. Tuma swali moja Jumapili baada ya ibada, wajibu kwa ujumbe wa sauti bila kufungua Biblia.

Na wale wanaokwama kwenye foleni wakakosa mwanzo? Rudia swali moja kabla ya sala ya kufunga, waanze wao kujibu.