Usitafute sura ya kilele kabla hujajua Akinyi anazuiwa na nini

Dada, umesema riwaya yako iko Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, Akinyi amerithi deni la marehemu babake kwa mwenye mtumbwi, umefika sura ya nane na umekwama. Unauliza kilele kikae sura gani, kwa sababu umechora ile piramidi tunayofundishwa shuleni, hadithi ikipanda hadi kilele kisha ikishuka, na sura zako zinakataa kuingia ndani yake.

Hazitaingia. Mchoro huo ni wa Mjerumani Gustav Freytag, aliyeueleza mwaka wa 1863 akichambua tamthilia, hasa tanzia za Wagiriki na za Shakespeare. Kwake yeye kilele kilikaa katikati, na sehemu yote iliyofuata ilikuwa ya shujaa kuporomoka. Jukwaani, kwa saa chache, jambo hilo linabebeka. Katika riwaya ya sura ishirini na kitu, msomaji atapewa sura kumi za kutazama mtu akianguka tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisumu na piramidi hiyo naitumia darasani kuchambua kazi iliyokwisha kuandikwa. Kwa kazi ambayo bado inajengwa, sijaona ikimfaa mtu.

Msuko nilifundishwa na swali moja la mhariri wa riwaya yangu ya kwanza. Mswada ulikuwa mezani, akaniuliza: mhusika huyu akiamua leo kuacha kila kitu aende zake, nini kitamzuia? Jibu nililompa ndilo lililoishikilia hadithi mpaka mwisho. Sasa nakuuliza wewe. Umetaja kwamba Akinyi ana shangazi Nakuru. Kwa nini hapandi matatu akaenda zake? Kama jibu ni kwamba analipenda ziwa, sura ya tisa haitakuja hata ukeshe. Lakini tuseme mdogo wake wa kiume ndiye anayevua kwenye mtumbwi wa mdai, usiku kwa usiku, kulipia deni la baba, na dada akiondoka mtoto huyo atabaki mikononi mwa mtu yule. Hapo hawezi kuondoka, hawezi kunyamaza, na kila analofanya lina bei.

Halafu una bahati ambayo waandishi wengi hawana: kazi ya wahusika wako ina kalenda yake. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Samaki hao hufuata mwanga, kwa hivyo usiku wa giza ndio wa mavuno. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu na mitumbwi mingi hubaki ufuoni. Maana yake kila mwezi una siku za pesa na siku za ukata, na watu wote wanazijua mapema. Mdai akitaja tarehe, ufuo mzima unajua papo hapo kama deni litalipika. Huhitaji kumwambia msomaji kwamba mambo ni magumu. Mwonyeshe Akinyi akitazama mwezi unavyojaa.

Na mvua. Omena hutandazwa juani ikauke, na ikinyeshewa kabla haijakauka inaharibika. Ile ambayo ingepimwa kwa gorogoro sokoni Kibuye ikaliwa na watu, inachukuliwa kwa bei ya kutupa ikasagwe chakula cha kuku. Umeiandika mvua hiyo katika sura ya sita, na hicho ndicho kipande nilichokipenda kuliko vyote ulivyoweka hapa, wanawake wakikimbia na maturubai huku mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Shida ni kwamba imenyesha siku ambayo Akinyi hana cha kupoteza. Isogeze. Inyeshe mwisho wa siku za giza, omena yake yote ikiwa nje na mdai anakuja keshokutwa. Hutakuwa umeongeza tukio hata moja.

Wenzangu waliokwambia uandike tu, hadithi itajitafutia njia, wana uzoefu wao na siwapingi. Lakini mwandishi aliyekwama katikati hafai kuambiwa aendelee kutembea gizani. Mwisho unaujua: Akinyi anapata mtumbwi wake mwenyewe. Basi anzia hapo urudi nyuma. Nani anamwuzia? Kwa nini mtu huyo anauza? Pesa zimetoka wapi, na nani ameumia zilipopatikana? Mimi huchukua daftari la kawaida, nikaandika tukio la mwisho, kisha tukio lililolisababisha, kisha lililosababisha hilo, mpaka nikutane na sura ambazo tayari ninazo. Pale ninaposhindwa kusema tukio hili limezaliwa na lipi, naweka alama ya kuuliza, na hapo ndipo ninapokaa hata wiki nzima. Ukifanya hivyo utaona kwamba shida yako haiko sura ya nane. Nadhani iko sura ya nne, Akinyi anapokubali masharti ya mdai bila kuombwa kitu anachokithamini.

Kuhusu kisengere nyuma cha sura ya pili, yaani pale unaporudi kusimulia yaliyopita, ulikoeleza maisha yote ya baba, kitoe hapo. Msomaji bado hajajiuliza mzee alikopa kwa nini. Mwache kwanza ajiulize. Jibu lije baadaye sana, tena ningelitia kinywani mwa mdai mwenyewe, mbele ya watu, ili msomaji apate alichokitaka wakati uleule Akinyi anapoaibika.

Kwa mpangilio huo kilele utakiona bila kukitafuta: ni pale mtumbwi na ndugu yake vinapokuwa havipatikani pamoja, na Akinyi lazima achague kimoja. Mimi ningekiweka katika robo ya mwisho, usiku wa mbalamwezi, wakati watu wote wako ufuoni na hakuna wa kujificha.

Andika upya sura ya nne kwanza, kabla ya kuigusa ya tisa. Kisha tuwekee hapa mambo matatu tu: mdai ameomba nini, Akinyi ametoa nini, na nani mwingine ameliona hilo likitendeka.